Jeep Imepauka, Mama Mkwe Kaingia Kazini

Mtu akikwambia anakarabati gari la zamani la jeshi, usimwonee huruma kwa ajili ya injini. Injini ya Jeep ya Willys ina silinda nne na nguvu za farasi 60, na iliundwa ili kijana aliyeshika spana juzi aweze kuifungua kwenye matope, usiku, huku risasi zikimpita kichwani. Injini ina huruma. Rangi ndiyo haina, na wanaoijua rangi hiyo wana roho ngumu kuliko rangi yenyewe.

Kwenye maonyesho yetu tunaye mzee mmoja wa aina hiyo. Huja na tochi, lenzi na daftari. Hasalimii mtu, husalimia bampa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Ford nao waliunda Jeep hizi, wakagonga herufi F mpaka kwenye boliti zao, basi mzee huyu akikuta boliti yenye F kwenye Willys hukohoa. Kikohozi kimoja tu, halafu anaandika. Nimeshaona mwanaume mzima na ndevu zake akiishiwa nguvu za miguu kwa kikohozi kile. (Huko vitani fundi alifunga boliti iliyokuwa karibu na mkono, gari likaondoka. Lakini nenda kamwambie wewe.)

Jeep yangu ina kibati kwenye dashibodi kinachosema ilikabidhiwa jeshini mwaka 1944. Tangu hapo, kila aliyeimiliki aliipaka rangi aliyoitaka bila kumjali aliyemtangulia. Mimi na shemeji tukakaa na msasa laini na ndoo ya maji, tukawa tunateremka tabaka moja moja: bluu, nyekundu, njano ya matrekta, kijani kinachong'aa, bluu nyingine. Kazi hiyo haitaki pupa. Namba ya jeshi iliandikwa ubavuni mwa boneti, na huenda bado imelala huko chini. Ukiipata, gari lako limepata cheti cha kuzaliwa.

Shemeji akapiga ukelele. Chini ya njano zilikuwa zimechomoza tarakimu mbili: 20.

Namba za Jeep za jeshi la Marekani zilianza na 20! Nikamnyang'anya msasa. Nikawa nasugua kwa ncha ya kidole, pumzi nimeibana. Ikaja herufi. Nikasema hiyo ni S, maana gari lililofungwa vifaa vya kulizuia lisivuruge mawimbi ya redio liliongezewa S mwishoni. Shemeji akauliza mbona S ina miguu. Ilikuwa K. Nyuma yake ikaja P. Nyuma ya P ikaja H.

Baada ya vita Jeep nyingi ziliuzwa zikaenda kufanya kazi mashambani na viwandani, na yangu inaonekana ilikuwa inazungushwa kwenye ua fulani ikiwa na onyo ubavuni kwamba isizidi kilomita 20 kwa saa. Shemeji alitaka tuliache onyo lile mahali pake. Alisema ndilo andiko pekee la ukweli kwenye gari hili, na kwamba tangu nilinunue halijawahi kulivunja.

Tukaingia kwenye rangi yenyewe. Ni kile kijani cha zeituni ambacho hakina hata ukijani wa kujivunia: changanya nyeusi na manjano ya udongo, utakifikia. Sharti lake kubwa ni kwamba kisimeremete. Kioo kikipigwa na jua, rubani anakiona kutoka mbali, ndiyo maana askari walikilaza kioo cha mbele juu ya boneti wakakifunika turubai. Sasa ufunike kioo halafu mwili mzima umeremete? Dawa inayoua mng'ao hutuama chini ya kopo, na mvivu wa kukoroga atapata gari linalong'aa mbele na kavu nyuma. Shemeji alikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Ikatoka kavu, kavu kabisa, hata nzi akitua hajioni.

Juu ya boneti tukapiga nyota nyeupe ndani ya duara. Duara liliongezwa vitani kwa sababu nyota peke yake, ukiiona kwa mbali, unaweza kuidhania msalaba wa Wajerumani. Duara letu lilikuwa na mapengo, na yalikuwa ya makusudi: stensili haiwezi kukata duara zima, kipande cha katikati kingedondoka, kwa hiyo inashikiliwa na vidaraja, na penye kidaraja rangi haipiti. Askari mwenye haraka zake hakurudi kuyaziba. Mapengo yale nilikuwa nayapenda kuliko nyota yenyewe. Nililala nayo moyoni. Kisha kuizunguka nyota, ndani ya duara, nikapaka rangi ya haradali iliyochacha, kwa kuwa magari kadhaa yaliyoteremka Normandy Juni 1944 yalipakwa hapo rangi ya kugundua gesi ya sumu. Tone la gesi ya haradali likiiangukia, rangi inageuka kuwa nyekundu. Yangu isingegeuka chochote, ilikuwa rangi ya kawaida tu iliyokorogwa ifanane. Kuitazama inachefua. Ndivyo inavyotakiwa.

Jioni ya kuamkia maonyesho, mama mkwe akaja kututembelea. Tukaamkiana vizuri, akapumzika, kisha akaomba aone hilo gari lililomfanya mkwewe asionekane nyumbani. Akasimama mbele yake muda mrefu.

"Mbona liko hivi?"

"Ndivyo lilivyo, mama."

"Maskini," akasema. Nikadhani ananihurumia mimi.

Asubuhi nikafungua gereji, nikajiona. Jeep hii haina milango, kwa hiyo sisemi nilijiona mlangoni. Nilijiona ubavuni mwake, mimi mzima, na nywele zangu za usingizini, na nyuma yangu shemeji na mswaki mdomoni. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, kitambaa mkononi, kopo la polishi ya fanicha miguuni.

"Shikamoo, mama." Hilo tu ndilo lililotoka.

"Marahaba, mwanangu. Usiku sikulala, nililifikiria hili gari. Utalipelekaje mbele za watu limepauka kama mtoto aliyenyimwa mafuta? Si watauliza tumemwoza binti kwa nani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Njoo uone na huku mbele," akaendelea, mwenye furaha. "Hapa juu ndege walikuwa wamechafua, tena uchafu umeganda, sijui mlikuwa mnaangalia nini. Nimeusugua kwa waya wa sufuria, umetoka wote."

Rangi ya gesi ilikuwa imekwenda. Palibaki mng'ao wa bati.

"Halafu fundi wenu ni mzembe. Kawaachia duara lina mapengo. Nimeyaziba."

"Kwa… kwa rangi gani, mama?"

"Ya kucha. Mkeo anayo nyeupe."

Shemeji akatoka nje mbio. Alisema baadaye kwamba amemeza dawa ya meno.

Wasio na wakwe watauliza kwa nini sikusema neno. Wenye wakwe hawaulizi. Na muda wa kuiondoa polishi haukuwepo, kwa sababu rangi kavu hunywa mafuta, ukifuta kwa haraka unapata mabaka, na gari lenye mabaka ni aibu kuliko linalong'aa. Tukaondoka nalo vilevile. Mama mkwe alikaa mbele, mkoba mapajani, kitambaa juu ya mkoba, na kila tuliposimama alishuka kupangusa vumbi.

Tulipofika, watoto wakapanga foleni kujitazama. Mwenye lori la pembeni akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa nammulika. Ndipo akaja Mzee. Akawasha tochi, akailenga boneti, mwanga ukageuka ukamrudia machoni. Hakukohoa. Akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena.

"Nani," akasema taratibu, "amefanya hivi?"

"Mimi," mama mkwe akajibu. "Na wewe ni nani unayeuliza watu maswali hujawasalimia?"

Sijawahi kumwona Mzee akisalimia. Siku hiyo alisalimia, akaitikiwa, kisha akaanza kueleza, kwa heshima zote, habari za jua na mng'ao na rubani wa adui anayetafuta shabaha. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Akainua uso akaangalia angani, kulia, kushoto.

"Rubani gani?"

"Wa vitani, mama. Wa Wajerumani."

"Hivyo vita si viliisha 1945?"

"Viliisha."

"Sasa unamficha nani?"

Mzee akakohoa.

"Na hicho kikohozi ukakitibu," akamwambia, akamtolea peremende kutoka kwenye mkoba. Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akapita mbele, akainama kwenye bampa, ambayo kwa bahati mama mkwe hakuigusa kwa kuwa alisema namba zake hazieleweki. Pale kuna divisheni, kikosi, kompania, na nafasi ya gari kwenye msafara, kila kitu kwa mpangilio wake. Akasoma, akaandika mstari mmoja, akachana karatasi, akanikabidhi: "Bampa, sahihi." Sijui kama ni sifa au ni rambirambi.

Kazi ya kuiondoa polishi tuliianza usiku uleule. Haikutaka kusubiri, kwa sababu polishi nyingi za namna hiyo zina silikoni, na ukipuliza rangi mpya juu ya silikoni, rangi inaikimbia na kuacha vishimo vishimo. Unafuta kwa kiyeyushio, unabadilisha kitambaa, unafuta tena, unapitisha msasa, unafuta. Tulifanya kwa kunong'ona, taa tumeizungushia gunia, maana mama mkwe alikuwa amelala chumba cha jirani na alikuwa bado yupo yupo. Kulipokucha, Jeep ilikuwa kavu tena. Shemeji alikuwa amelala chini yake.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akalitazama gari, akanitazama mimi, akaweka mkono kiunoni.

"Limepauka tena."

"Ndiyo, mama."

"Usijali." Akarudi ndani, akatoka amekumbatia kopo, tena si lile la jana. Lilikuwa la lita tano. "Yule mzee mwenye kikohozi," akasema, akikaa kwenye kigoda, "ndiye aliyenielekeza duka."