Ameumia saa ngapi?

Majeruhi wa ajali anaweza kuvuka usiku wa kwanza vizuri tu. Anaongea, anaomba chai, ndugu wanapigiana simu kwamba hatari imepita. Siku ya tatu pumzi inakuwa fupi, mkojo unapungua, anakimbizwa ICU. Mtaani tutasema damu ilivujia ndani. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine damu ilishakata zamani, na kinachommaliza ni kinga yake mwenyewe iliyocharuka.

Mwaka 2010 Carl Hauser na wenzake wa Boston walieleza sehemu ya sababu katika jarida la Nature. Ndani ya seli zetu mna mitokondria, vinu vidogo vya kuzalisha nguvu, ambavyo asili yake ni bakteria waliohamia humo zamani za kale. Nyama na mifupa ikipondeka, mabaki ya mitokondria hizo yanamwagika kwenye damu. Kinga inayakuta, inadhani imevamiwa na vijidudu, na mwili mzima unawaka kana kwamba una maambukizi hata kama kidonda ni kisafi.

Mkazi wa Dodoma ana haki ya kuuliza haya yanamfaa nini kijana wa bodaboda aliyegongwa Bahi. Shida yake ni usafiri wa kumfikisha mjini, chupa ya damu inayosubiri ndugu waje kuchangia, na wapita njia wanaoogopa kumgusa kabla ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Hoja hii ina uzito kuliko watafiti wengi wanavyopenda kukiri. Dawa ya Xigris, iliyotarajiwa kutuliza mcharuko wa kinga kwa wagonjwa mahututi wenye maambukizi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Mwaka 2011 ikaondolewa sokoni, baada ya jaribio jipya kuonyesha haipunguzi vifo. Miaka kumi hiyo, na dawa yenyewe ilikuwa ghali kupindukia. Oksijeni haikuhitaji kusubiri majibu ya maabara yoyote.

Hata hivyo, wanaosema "tununue vifaa, utafiti baadaye" wanasahau kwamba kifaa nacho kina namna ya kutumiwa. Nani kati yetu angekataa mtoto wake mahututi atundikiwe dripu ya haraka? Ndivyo vitabu vilivyofundisha. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, likachukua watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Matokeo ya mwaka 2011: ndani ya saa 48, waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa asilimia 10.5, wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Hawakuwa majeruhi wa ajali, sawa. Lakini mwongozo uliokuja na sifa zote ulikuwa unaua, na bila kuupima hapa hapa tungeendelea kuufuata kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo niko upande wa watafiti, ila kwa sharti: waanzie kitandani kwa mgonjwa. Mfano ninaoupenda ni jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010, lililohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, ya zamani na ya bei nafuu, ilishusha vifo kutoka asilimia 16 hadi 14.5. Ina masharti lakini. Ianze ndani ya saa tatu tangu mtu aumie. Ikicheleweshwa zaidi ya hapo, vifo vya kutokwa damu vilionekana kuongezeka.

Saa tatu kwenye karatasi ni rahisi. Niliwahi kuwa ndani ya Noah iliyombeba kijana aliyevunjika paja kwenye barabara ya Mtera, kanga mbili zimefungwa juu ya jeraha, zote zimelowa. Tulifika hospitali saa kumi na moja na robo jioni. Nesi aliuliza swali moja tu: "Ameumia saa ngapi?" Dereva akasema saa nane. Mama aliyemwokota akasema hapana, alikuwa anaanua mahindi, ilikuwa saa tisa na nusu. Kwa saa ya dereva, muda wa dawa ulishapita. Kwa saa ya mama, ilibaki zaidi ya saa nzima. Wakabishana pale mlangoni, kijana anatetemeka, nesi kashika kalamu. Mwisho akaandika "mchana".