Aliyemfanya Ojwang Achekeshe

Mtaje Mzee Ojwang Hatari ndani ya matatu yoyote ya Nairobi, iwe ya Kangemi au ya Kayole, na abiria wa makamo atatabasamu kabla hujalimaliza jina. Mtaje Mama Kayai na atatabasamu vilevile, kisha aongeze: "Eeh, yule bibi yake." Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Mary Khavere, ambaye ndiye Mama Kayai, hakuwa mke wa Benson Wanjau, ambaye ndiye Ojwang. Walikuwa waigizaji wawili walioshirikiana miaka na mikaka katika Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha Sauti ya Kenya, shirika ambalo tangu 1989 tumelijua kwa jina la KBC. Mpaka leo utapata mtu anayekuapia kuwa wale wawili walikuwa wameoana na wana watoto wakubwa. Kwa mwigizaji, kuaminiwa kiasi hicho ni sifa ambayo wengi hufa bila kuipata. Lakini angalia jinsi sifa yenyewe ilivyogawanywa: yeye Ojwang akawa mchekeshaji, Mama Kayai akawa mke wa mchekeshaji.

Mimi nashikilia kwamba kati ya wale wawili, kazi ngumu zaidi ilikuwa ya Mama Kayai.

Hebu nieleze. Ojwang alikuwa na silaha zake, na zilikuwa nyingi. Alikuwa na ile lafudhi nzito ya Kijaluo, ambayo Wanjau, Mkikuyu, aliivaa hadi watu wakamdhania mtu wa Nyanza. Alikuwa na mwendo wake, kofia yake, macho yake ya mshangao. Akifungua mdomo tu, nyumba nzima iko chini. Sasa jiulize: yule anayesimama mbele yake anafanya nini wakati huo wote? Hawezi kucheka. Akicheka, mchezo umekufa, kwa sababu ndani ya mchezo hakuna kichekesho chochote. Kuna mume amekuja na njama ya kijinga na kuna kodi ya nyumba haijalipwa. Kwake yeye mambo ni mazito. Anapaswa kuamini kila neno la upuuzi ule, akasirike kwa kiasi kile kile, asipitilize, kisha atupe swali moja fupi lililonyooka, mara nyingi la pesa, linalomfanya mzee aanze kujikanyaga. Mtazamaji anamcheka Ojwang. Lakini angalia kilichomchekesha: mara tisa kwa kumi ni uso wa Mama Kayai ukimsikiliza.

Wanaofuata voliboli na kuwashangilia Malkia Strikers wananielewa. Anayepiga mpira chini kwa kishindo ndiye anayepigiwa kelele uwanjani, na yule aliyeuinua ukamfikia mkononi, kwa urefu unaofaa na kwa wakati unaofaa, anarudi mahali pake kimya kusubiri mwingine.

Tukumbuke pia ni enzi gani hizo. Kabla KTN haijaanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni. Hakukuwa na kubadilisha chaneli kwa sababu hakukuwa na pa kwenda. Mtaa mzima ulijikusanya kwenye nyumba yenye runinga, watoto chini sakafuni, wakubwa kwenye viti, wengine wamesimama dirishani. Ukikosea mbele ya hadhira ya namna hiyo umekosea mbele ya taifa. Miaka hiyo si wengi waliothubutu kuitania serikali hadharani, kwa hiyo vichekesho vilijificha nyumbani: mume, mke, mkwe, mpangaji, mdeni. Na nyumbani ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumuuliza mzee maswali? Mama. Nadhani watu wengi, wanaume kwa wanawake, walifurahia kumwona mkubwa mmoja angalau anahojiwa. Sitaki kulifanya jambo hili la siasa kuliko lilivyokuwa, ila nalisema tu.

Waliokuja kumtania Rais waziwazi, kundi la Redykyulass, mwishoni mwa miaka ya tisini, walikuwa vijana watatu, wanaume wote. Niliwapenda sana na bado nawapenda. Lakini tazama tena: kicheko kilipopata ujasiri wa kutoka nyumbani kwenda Ikulu, mwanamke aliachwa nyumbani.

Kisha kikaja kipindi cha Papa Shirandula kwenye televisheni ya Citizen. Ule ulikuwa mtego mzuri sana wa hadithi: baba ni mlinzi, soja wa getini, lakini mkewe anaamini anafanya kazi ya ofisi. Anatoka nyumbani na suti, anafika kazini anavaa yunifomu. Charles Bukeko aliucheza vizuri na alipofariki Julai 2020 nchi ililia kwa haki. Ila fikiria kazi ya Jacqueline Nyaminde, yaani Wilbroda, ndani ya mtego huo. Kipindi chote kimesimama juu ya kutojua kwake. Akionekana mjinga, tunachoka naye mapema. Akionekana mwerevu mno, tunajiuliza mbona hajagundua. Basi akamfanya Wilbroda mwanamke mwenye mambo yake mengi, mwenye madaha, anayejivunia mume wa ofisi kiasi kwamba hataki kuchunguza. Ukweli unampita kwa sababu fahari imemjaa machoni. Hilo halikutokea kwa bahati, mtu alikaa akalifikiria. Na Jacky Vike naye, Awinja, kijakazi wa kipindi hicho hicho, akageuza sehemu ambayo wengine wangeipita haraka kuwa sababu ya watu kukaa mbele ya runinga.

Hapa lipo jambo la majina. Wengi wanaomjua Awinja hawamjui Jacky Vike. Nyaminde alipokwenda redioni, Milele FM, alikwenda kama Wilbroda. Jina la mchezo ni mtaji, sikatai. Linafungua milango, linaleta matangazo na kazi za ushereheshaji. Lakini pia linammeza mtu. Vipande vya zamani vya Vitimbi vinazunguka YouTube, watu wanavitazama wakiwa Dallas na Doha, na chini yake maoni yote ni ya Ojwang na Mama Kayai. Mary Khavere hayumo. Mkataba wa kimataifa wa haki za waigizaji wa kazi za picha na sauti, uliopitishwa Beijing mwaka 2012 na kuanza kutumika 2020, unamtambulia mwigizaji haki ya kutajwa kwa jina katika kazi yake. Kumtaja mtu hakugharimu hata shilingi. Kwa hiyo kama hata hili la bure linatushinda, sijui tutaanzia wapi na lile la malipo.

Na malipo tusiyapite kimyakimya. Ojwang mwenyewe, nyota kati ya nyota, alizeeka macho yakimsumbua, na ikabidi Wakenya wachange ndipo atibiwe. Alifariki Julai 2015. Kama hali ya aliyebeba kipindi ilikuwa hiyo, aliyeitwa "bibi yake" angetarajia nini?

Niruhusu nivuke bahari kidogo, kwa sababu kuna mwanamke mmoja ambaye habari zake hunifanya nitamani wakili kwa kila mwigizaji wa Nairobi. Carol Burnett, mchekeshaji wa Marekani, alizaliwa Texas mwaka 1933, akalelewa na nyanya yake Hollywood katika maisha ya kubana senti. Kila alipokuwa akimaliza kipindi alivuta ncha ya sikio. Ilikuwa salamu kwa nyanya. Mapema miaka ya sitini aliingia mkataba na kituo cha televisheni cha CBS, na ndani yake kulikuwa na kifungu kidogo: katika miaka 5 ya kwanza, akitaka, kituo ni lazima kimpe vipindi 30 vya saa moja vya vichekesho na nyimbo. Miaka ikapita. Karibu muda uishe, akapiga simu akasema nataka. Wakubwa wakamwambia kazi hiyo ni ya wanaume, wakamtajia majina yao, wakampendekezea kipindi kingine, cha nusu saa, cha kinyumbanyumba. Akakataa. Kifungu kipo, wino umekauka. Kipindi chake kilianza Septemba 1967 na kikadumu hadi Machi 1978.

Mtu hawezi kusema walimpa kwa sababu walimpenda. Walimpa kwa sababu karatasi iliwalazimisha. Na alipokalia kiti cha mwenye nyumba, angalia alivyoitumia nafasi. Msichana mmoja, Vicki Lawrence, alikuwa amemwandikia barua kusema watu humwambia wamefanana. Burnett akamtafuta, akamleta kundini akiwa ndiyo kwanza anatoka shuleni, akamwacha ajifunze mbele ya kamera. Msichana huyo akaja kuwa Mama, bikizee mkali wa michezo ya familia ambayo Burnett mwenyewe alicheza binti, na miaka ya themanini mhusika huyo akapata kipindi chake. Kwa hiyo tajiri alikubali kukemewa na mwajiriwa wake kila wiki, kwa sababu mchezo ulikuwa mtamu zaidi hivyo.

Tena katika kundi lake kuna ushahidi wa hoja yangu ya mwanzo. Ule mchezo wao maarufu kuliko yote pengine ni wa daktari wa meno. Tim Conway ni daktari mgeni wa kazi, anajidunga mwenyewe sindano ya ganzi, mkono unakufa, mguu unakufa. Harvey Korman ni mgonjwa aliyeketi kitini. Watu wanauangalia mpaka leo, na wanachokitazama ni Korman akipigana na kicheko, machozi yanamtoka, uso umemshinda. Mpokeaji ndiye mchezo wenyewe. Korman alitambuliwa kwa kazi hiyo, akapewa tuzo. Hatukuambiwa ni "mume wa" mtu yeyote.

Turudi Nairobi, maana hatukukaa bure. Auntie Boss, kipindi kilichokuwa NTV, kilibuniwa na wanawake wawili, Eve D'Souza na Lucy Mwangi, na walifanya jambo rahisi ambalo wengine hawakuliona: waliigeuza kamera kuelekea jikoni. Kabla ya hapo mboch, yaani mfanyakazi wa nyumbani, wa vichekesho vyetu alikuwa mtu wa kuingia, kuleta chai, kukemewa na kutoka. Sasa yeye ndiye mwenye hadithi, na tajiri ndiye wa kuingia na kutoka. Nyce Wanjeri, aliyecheza Shiru, alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho katika AMVCA, tuzo za filamu na televisheni za Afrika, mwaka 2018. Sandra Dacha akawa Silprosa na hakuna aliyemsahau. Nina lalamiko langu dogo: ukijumlisha, kwa miaka yote hiyo tumempa mwanamke nafasi mbili kuu za kuchekesha, mke na mboch. Ofisini yuko wapi? Bungeni? Kwenye ubao wa mbele wa matatu akigombana na kanjo, askari wa jiji? Nairobi imejaa wanawake wa namna hiyo, ukiwasikiliza dakika tano tu pale soko la Muthurwa umepata mswada.

Wasichana wanaojirekodi vichekesho kwa simu wamejibu kwa njia yao. Elsa Majimbo alikaa chumbani mwaka 2020, miwani ya jua, krispi mkononi, akacheka peke yake na dunia ikamfuata. Wengine wengi wanacheza mama na mtoto kwa wakati mmoja, leso kichwani akiwa mama, leso imetolewa akiwa mtoto. Nawacheka sana. Lakini mtu akijijibu mwenyewe, kile kitu cha Mama Kayai kinakosekana: mtu wa pili aliye hai, ambaye hujui atapokea vipi. Hilo linahitaji kundi, mazoezi na mtu wa kulipia mazoezi. Simu haitoshi.

Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tulivyofundishwa. Angalia basi majina ya vipindi vyetu vya kuchekesha: Papa Shirandula, Inspekta Mwala, Churchill Show. Vidole vyema ni vingi, pete zimejaa mkono mmoja.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba bila Ojwang, Mama Kayai asingekuwa na wa kumkemea. Kweli kabisa, na kinyume chake ni kweli pia, ndiyo maana nashangaa hesabu hiyo inafanywa upande mmoja tu. Kwamba matangazo hayaji kwa vipindi vya wanawake. Matangazo ya sabuni, ya unga, ya mafuta ya kupikia, hayo yote yanamtafuta nani?

Mimi ningeanza na kipindi cha mwanamke wa soko la Gikomba, mwenye kibanda cha mitumba, chama chenye mweka hazina mwongo na shemeji asiyeisha kukopa. Jumamosi usiku, saa mbili. Jina halisi la mwigizaji liandikwe kwanza, kwa herufi kubwa, jina la mchezo lifuate chini. Mume awepo, sikatai. Aingie mara moja, alete chai, aulize sukari iko wapi, atoke.