Daftari tupu la mtoto wa awali

Machi mwaka huu, katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya msingi wilayani Ilemela, Mwanza, baba mmoja alisimama akiwa na daftari la binti yake wa darasa la awali. Alilifungua akatuonesha ukurasa baada ya ukurasa. Miezi miwili ya masomo, kurasa nne tu zilizoandikwa, na hizo nne zenyewe ni viduara na mistari iliyopinda. "Mwanangu anatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Huku anafanya nini?" Wazazi walimpigia makofi. Mwalimu, kwa sauti ya chini, alijibu kwamba watoto wa umri ule hujifunza kwa kucheza na kwamba mtaala ndivyo unavyoelekeza. Ukumbi ukanyamaza.

Nilitoka pale nikimtetea mwalimu moyoni. Lakini kadiri nilivyolifikiria jambo lile, ndivyo nilivyoona kwamba yule baba aliuliza swali la haki na hakujibiwa.

Hoja ya mwalimu ina mizizi. Kiganja cha mtoto wa miaka mitano hakijakomaa: vifupa vya kifundo cha mkono bado kwa sehemu ni gegedu, yaani mfupa laini, na misuli ya vidole ndiyo kwanza inajifunza kutii. Ukimkalisha aandike herufi "a" mistari ishirini, atachoka mkono kabla hajaielewa sauti ya herufi yenyewe. Vidole vivyo hivyo hupata nguvu katika kufinyanga udongo, kuchambua mchele, kufunga na kufungua vizibo vya chupa.

Chukua mdako, mchezo ambao hapa kwetu, kwenye mji wa mawe, hauhitaji kununuliwa chochote. Mtoto anachimba kishimo, anajaza kokoto, anarusha moja juu na kabla haijatua anazikwangua nyingine nje. Anarusha tena, safari hii anazirudisha zote isipokuwa moja. Zikiisha, raundi inayofuata anabakiza mbili mbili, kisha tatu tatu. Hapo kuna kuhesabu, kuna kugawa kwa mafungu, kuna masalio, kuna jicho na mkono kufanya kazi pamoja, kuna kusubiri zamu, na kuna ubishi wa nani kadhulumu, ambao nao ni somo la lugha. Mdogo wa miaka mitano hataumudu wote. Atarusha, ataangusha, atacheka, na mkubwa wake atamhesabia kwa sauti. Nimeona watoto wakijifunza "tatu ni ngapi" vizuri zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kuimba moja mpaka mia bila kugusa kitu.

Kuna pia hofu ya kuchelewa, na hapo utafiti unatutuliza kidogo. Sebastian Suggate, mtafiti aliyefanya kazi zake New Zealand, alilinganisha watoto waliofundishwa kusoma tangu miaka 5 na wale walioanza wakiwa na miaka 7. Walipofika miaka 11 hivi, walioanza baadaye walikuwa wamewafikia wenzao. Na hao walikuwa wanasoma Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake inawatesa hata watu wazima. Kiswahili husomwa karibu kama kilivyoandikwa. Mtoto aliyekwisha kuzisikia sauti vizuri huzishika silabi zake kwa muda mfupi akifundishwa kwa utaratibu.

Sasa yule baba. Kwanza, haogopi kivuli. Shule nyingi binafsi mjini huwafanyia watoto usaili kabla ya darasa la kwanza, na mtoto huombwa asome, aandike jina, ajumlishe. Mzazi anayetaka mlango huo ubaki wazi hawezi kuambiwa asubiri. Kwa atakayebaki shule ya serikali, darasa la kwanza huwa limejaa, na asiyeshika herufi mapema anaweza kukaa nyuma mwaka mzima bila kuonekana. Pili, daftari ndilo dirisha pekee alilo nalo. Mtu anayeshinda soko la samaki la Mwaloni Kirumba akipakia dagaa hana nafasi ya kuja kuchungulia darasani saa nne. Jioni anafungua begi la mtoto, na kilichomo ndicho anachokijua.

Tatu, na hii ndiyo tunaoshabikia michezo hatupendi kuisema, kuna ujuzi wa mapema unaobeba uzito kwelikweli. Mwaka 2007 Greg Duncan na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti sita za muda mrefu kutoka Marekani, Uingereza na Canada. Kilichotabiri zaidi mafanikio ya mtoto shuleni baadaye kilikuwa uelewa wake wa namba alipoanza shule, kisha usomaji, kisha uwezo wa kutuliza akili kwenye kazi. Kwa hiyo kauli ya "waacheni wacheze tu, watajua mbele ya safari" haitoshi. Mchezo ambao mwalimu hajui unamfundisha mtoto nini, wala hauelekezi, ni mapumziko. Mapumziko ni mazuri, ila hayawezi kuwa siku nzima ya shule.

Tazama lakini utafiti ule ulipima nini: ulipima kujua namba. Idadi ya kurasa zilizojazwa haikuwamo. Mtoto anaweza kunakili 1 mpaka 20 ubaoni kwa mwandiko safi, na ukimwekea sato saba mezani akashindwa kukuambia ni wangapi.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinagombea kitu ambacho darasa lile haliwezi kutoa kwa namna lilivyo. Kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, uandikishaji wa awali nchini uliruka kutoka takribani watoto milioni 1 hadi takribani milioni 1.5 ndani ya mwaka mmoja. Lilikuwa jambo jema. Watoto waliokuwa wakizurura ufukweni waliingia darasani. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na kwa miaka kadhaa wastani wa taifa ulipita watoto 100 kwa mwalimu mmoja mwenye sifa. Weka watoto tisini mbele ya mtu mmoja kisha umwambie afundishe kwa michezo: ataishia kuwatoa uwanjani na kuwachunga wasifike barabarani. Mwambie afundishe kwa daftari: ataandika ubaoni, wao watanakili, na hatapata muda wa kusahihisha hata nusu. Mtaala unazungumzia kona za ujifunzaji, yaani sehemu ya vitabu, ya hesabu, ya nyumbani, ya sanaa. Nimeziona kona hizo zimetengenezwa kwa bidii, kwa vizibo na maboksi, halafu zikafunikwa kwa shuka kwa sababu watoto tisini wangezimaliza asubuhi moja.

Anachohitaji mtoto wa umri huu kabla ya vyote ni mtu mzima anayemsikiliza na kumjibu. Wataalamu wetu huita malezi yenye mwitikio, na ni moja ya nguzo tano za Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mtoto akisema "baba kavua," mtu amuulize kavua nini, kwa wavu gani, wamekula wangapi. Hapo anapanga habari, anatafuta neno, anahesabu. Mwalimu wa watoto tisini hawezi kufanya hivyo hata angekuwa malaika.

Mwitikio unahitaji lugha pia. Mtoto anayetoka Kwimba au Misungwi anaweza kuja shule na Kisukuma kitupu. Wa Ukerewe, na Kikerewe au Kijita. Kisukuma kina irabu saba, Kiswahili tano. Masikio ya mtoto huyo yana kazi ya ziada ambayo daftari halioneshi. Akikaa kimya wiki tatu anaitwa mzito. Mwalimu anayempokea kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na kumvusha taratibu kwenda Kiswahili hajavunja utaratibu wowote, amemjengea daraja. Wale wanaorundikiwa Kiingereza wakiwa na miaka mitatu nao wana mzigo wao, na hilo linastahili mjadala wake.

Halafu kuna tumbo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika na mifuko ya familia nyingi za mwaloni hukauka. Shule inayodai mchango wa uji tarehe ileile kila mwezi, bila kuangalia anga, itaona watoto walewale wakikosa kikombe siku zilezile. Na uji huo mara nyingi ni wa mahindi matupu, hatua chache kutoka kwenye chanja za dagaa wanaoanikwa, wenye madini ya chuma na kalisi. Unga wa dagaa kidogo ndani ya sufuria ungebadilisha mengi. Kichocho nacho kiko majini hapahapa, huleta upungufu wa damu, na kampeni za dawa kwa miaka mingi zimewalenga zaidi wanafunzi wakubwa. Mtoto anayesinzia saa tatu asubuhi huenda hana tatizo na mbinu ya mwalimu hata kidogo.

Yule baba angejibiwaje? Mimi ningependa aoneshwe, tena kwa mambo anayoweza kuyajaribu mwenyewe nyumbani. Kila mwisho wa mwezi mwalimu amwambie: mtoto wako anahesabu vitu mpaka kumi kwa kuvigusa, au bado. Anasimulia jambo la jana likaeleweka, au bado. Anasikia kwamba maneno "sato" na "sangara" yanaanza na sauti moja, au bado. Mzazi ambaye hajasoma anaweza kuyapima hayo jioni, akiwa anapepeta dagaa. Ila mwalimu wa watoto tisini hawezi kumjua kila mtoto kiasi hicho, kwa hiyo tunarudi palepale kwenye hesabu ya watu wazima.

Katika mkutano ule wazazi tulikubaliana bila ubishi kuchangia mlinzi wa usiku na mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Darasa la awali halikupata shilingi. Tunakutana tena mwezi ujao. Nimeomba ajenda ya kwanza iwe mtu mzima wa pili darasani mle, halmashauri ituletee mwalimu au, kwa kuanzia, wazazi tumlipe msaidizi. Nimemwomba pia yule baba aje, na aje na daftari lake.