Viatu vidogo vya Vindolanda

Askari wa Roma hakuruhusiwa kuoa, hadi Kaisari Septimius Severus alipolegeza marufuku hiyo mnamo mwaka 197 BK. Ndiyo maana ngome za mpakani kama Vindolanda na Housesteads, kaskazini mwa Uingereza, zilizoeleka kuelezwa kama makao ya wanaume watupu: ofisi kuu katikati, nyumba ya kamanda ubavuni mwake, maghala ya nafaka yenye sakafu iliyoinuliwa hewa ipite chini, kisha safu za mabweni. Wanawake na watoto walidhaniwa kuishi nje ya lango, kwenye kijiji kilichoota kando ya ngome.

Ila udongo wa Vindolanda, uliolowa maji na kukosa hewa, umetunza viatu vya ngozi kwa maelfu. Vipo vya wanawake, vipo vya watoto, na baadhi vimefukuliwa mabwenini kwenyewe, katika tabaka za miaka ambayo marufuku ilikuwa ingali na nguvu. Ubishi ukaanzia hapo.

Wanaosema familia ziliishi ndani wana hoja. Askari wa vikosi vya wasio raia wa Roma, akimaliza miaka 25, alipewa uraia na haki ya ndoa na mwanamke aliyekuwa naye. Hadi mwaka 140 hivi, watoto wake nao walipata uraia. Serikali ilijua fika kwamba wapo.

Kujua wapo, lakini, si kuwapa pa kulala. Bweni moja lilikusudiwa askari 80 hivi, kila wanane wakigawana vyumba viwili, cha mbele kwa silaha na cha nyuma kwa kulala. Mke na watoto wangekaa wapi? Tena kiatu kibovu hutupwa popote, na mguu mdogo huenda ulikuwa wa mtumwa mvulana.

Hoja ya nafasi inanishawishi kidogo tu. Kibao kimoja cha mbao kilichofukuliwa hapo hapo kinahesabu askari wa kikosi cha Watungri, watu wa eneo la Ubelgiji ya leo: 752 kwa jumla, na 456 kati yao wako kwingine kikazi. Waliobaki ni 296, wakiwamo 31 wasiojiweza, 10 kwa maradhi ya macho. Kwa hesabu hiyo, msongamano wa kwenye ramani haukuwa wa kila siku.

Kwa kamanda hakuna ubishi, kwani yeye aliruhusiwa familia. Mnamo mwaka 100 hivi, Claudia Severa, mke wa kamanda mwingine, alimwandikia Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda Flavius Cerialis, kumwalika kwenye siku yake ya kuzaliwa, Septemba 11, na mwishoni akaongeza salamu kwa mkono wake mwenyewe.

Kati ya kamanda na askari wa kawaida yuko akida, mkuu wa askari wa bweni, mwenye vyumba vyake mwishoni mwa bweni. Viatu vya bwenini ningevihusisha kwanza na nyumba yake. Mke wa askari wa kawaida bado namweka kijijini, ingawa sioni sababu ya kudhani kuwa lango lilifungwa asiingie mchana.