Chafya ya Mwenzangu

Kwa kuwa mwenzangu amekwisha kuisambaza habari hii ya muhadhara wangu wa juzi katika makundi yote tuliyomo pamoja, na kwa kuwa katika masimulizi yake mimi nilizirai jukwaani, naona afadhali niieleze mwenyewe kabla aibu haijapoa. Sikuzirai. Nilikaa, tena kwenye kiti, ingawa nakiri kwamba kiti hicho kilikuwa cha mgeni rasmi.

Mnaonifuata mnaijua kazi yangu: natafiti jinsi ubongo unavyojibadilisha ili kuhifadhi kumbukumbu. Mnaijua pia hadithi yangu ya chafya, maana nimewachosha nayo. Nilikuwa mwanafunzi, usiku wa manane, peke yangu maabarani, mbele yangu kipande cha hipokampasi ya panya (sehemu ya ubongo inayosaidia kuunda kumbukumbu) chenye unene usiofika nusu milimita, kikiwa hai katika maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni. Nilikuwa nimekipiga mfululizo wa mapigo ya haraka ya umeme, na sinapsi zake, yaani maungio ya seli za neva, zikaimarika kama zile ambazo watafiti Bliss na Lømo walizieleza mwaka 1973 katika ubongo wa sungura, zikadumu hivyo saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Saa ya nne ilipokaribia, pua ikaniwasha. Meza ile huelea juu ya hewa ili hata nyayo za mpita njia zisiitikise, lakini aliyeibuni hakumfikiria mtu aliyeiegemea kwa viwiko viwili na kupiga chafya kwa moyo wote. Sindano ya kioo iliyokuwa ikipima umeme wa kipande ikazama, mstari kwenye skrini ukalala chali, na mimi nikalia.

Nimefungulia mihadhara kwa hadithi hiyo kwa miaka 11. Najua hasa mahali pa kunyamaza ili watu wacheke.

Juzi niliifungulia tena muhadhara, na mada yenyewe, msinicheke mapema, ilikuwa kwamba kumbukumbu haikai ubongoni kama barua kabatini, bali inapoitwa huweza kulegea na kulazimika kujengwa upya. Mwenzangu wa enzi za maabara nilimwalika mimi mwenyewe na kumwekea nafasi safu ya tatu.

Nilipofika kwenye ile meza inayoelea, nilimwona akitabasamu. Nilipofika kwenye pua, tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakaacha kushiriki. Nilipopiga chafya, maana huwa naipiga kwa maigizo, mkono ukielekea ulipokuwa mtambo, ukumbi mzima ukacheka isipokuwa yeye, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa akipekua simu yake kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayetafuta risiti ya zamani. Nikadhani amechoshwa. Nikaongeza sauti. Nikaeleza machozi yangu yalivyodondoka juu ya daftari, na hapo nikaweka mkono kifuani.

Ndipo kompyuta yangu ikalia. Wenye busara huzima WhatsApp kabla ya kuunganisha kompyuta na skrini ya ukumbi. Mimi natafiti kumbukumbu, kwa hiyo nilisahau. Ujumbe ukachungulia pembeni mwa slaidi, nami kwa haraka ya kuufukuza nikaubonyeza, ukafunguka ukutani kwa upana wa mita mbili na zaidi. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la maabara. Mwandiko ulikuwa wake, ule unaolalia kushoto: "Saa 9:40 usiku. Nimepiga chafya. Kipande kimekufa. Mungu anisamehe." Kando ya maneno hayo palikuwa na doa la chozi, ambalo nimelieleza kwa miaka 11 kana kwamba lilitoka jichoni mwangu.

Hilo ningeweza kubishana nalo. Ningeweza kusema kwamba kila mtu alipiga chafya yake. Lakini chini ya maandishi yake palikuwa na mstari mwingine, wa wino wa buluu, wenye tarehe ya asubuhi iliyofuata, na mwandiko huo sikuweza kuukana kwa sababu ndio niliotumia dakika chache kabla kuandika ubaoni nyuma yangu: "Pole sana ndugu yangu. Tafadhali safisha meza."

Watu walisoma huku. Wakasoma kule. Vichwa vilienda kwenye skrini, vikarudi ubaoni, vikarudi kwenye skrini, kama watazamaji wa tenisi. Msichana wa safu ya mbele akauliza kwa adabu, "Samahani Profesa, huu ni mfano uliouandaa?" Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Ningeokoka. Lakini mwenzangu, Mungu amlipe anavyostahili, akajibu kwa sauti kutoka safu ya tatu, "Hapana, mama. Chafya ilikuwa yangu."

Hapo ndipo nilipokaa.

Slaidi iliyofuata, kwa taarifa yenu, ilihusu utafiti wa Loftus na Pickrell wa mwaka 1995, ambamo washiriki 24 walipewa wasome kisa cha kupotea dukani utotoni kisichowahi kuwapata, na takriban robo yao wakakikumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Niliisoma nikiwa nimekaa. Makofi niliyopigiwa yalikuwa ya huruma, na sitayazungumzia.

Naweza kueleza kilichotokea, maana ndiyo riziki yangu. Asubuhi ile alinisimulia kila kitu tukiwa tumesimama kando ya meza ambayo viwiko vyangu viliijua, na ubongo ukahifadhi kisa vizuri kuliko ulivyohifadhi kilikotoka. Kila nilipokisimulia nilikiimarisha, na kila nilipokiimarisha kilinisogelea. Nayajua hayo yote, na bado ninapoandika hapa pua inaniwasha kama usiku ule, usiku ambao bila shaka nilikuwa kitandani.

Mwenzangu anadai arudishiwe hadithi yake pamoja na malimbikizo ya vicheko. Nimemrudishia. Ila nimeona kwamba katika masimulizi yake mapya kipaza sauti kilinidondoka mkononi kikapiga kelele ukumbi mzima, ilhali kipaza sauti changu kilikuwa kimebanwa kwenye ukosi wa shati. Video ninayo. Simsahihishi kwa sasa. Namwachia aisimulie miaka 11.