Bunduki ya Mwaka 2090 na Mbuzi ya Mama Mwenye Nyumba

Kazi yangu ni kuchora vitu ambavyo havipo. Nikisema hivyo huku Tandika watu wanacheka, wanadhani ni njia ya kistaarabu ya kusema sina kazi. Lakini ndiyo kazi yenyewe: mtu anatengeneza gemu, anataka kuuona mji wa mwaka 2090 kabla hajaujenga, ananitumia maelezo, namchorea. Gari, kofia, mlango wa baa ya maroboti. Safari hii alitaka bunduki.

Maelezo yalikuwa mafupi. Mtindo ni ule wa saibapanki, yaani teknolojia ya juu kabisa mikononi mwa watu wa chini kabisa, na bunduki ionekane imeundwa na fundi wa uchochoroni kwa vyuma vya kuokoteza. Nikacheka peke yangu. Fundi wa uchochoroni? Hapo, kaka, umefika kwa wenyewe.

Nikaanza kama tunavyoanza wote: maumbo madogo ishirini, meusi tii, bila mstari hata mmoja ndani. Umbo lisiposomeka likiwa jeusi, hakuna rangi itakayoliokoa. Mteja akajibu kwamba kumi na tisa anazijua tayari, na ya ishirini inafanana na mashine ya kukaushia nywele. Ya ishirini ilikuwa kweli mashine ya kukaushia nywele. Nilikuwa nimechoka.

Sasa, katika fani hii silaha ya kubuni haizuki hewani. Ile bastola ya Han Solo kwenye filamu ya Star Wars ya 1977, ukiivua mapambo unakutana na Mauser C96, bastola ya Kijerumani ya mwaka 1896. Waliifunga darubini juu na vikorokoro vingine, ikawa ya angani. Jicho linataka kitu linachokijua, halafu ulidanganye kidogo. Mimi Mauser sina, na ningekuwa nayo hadithi hii ningeisimulia mahali pengine. Nilichokuwa nacho ni uwani.

Na uwani, kando ya jiko la mkaa, ilikuwepo mbuzi ya mama mwenye nyumba. Miaka miwili naipita tu. Jioni ile ilikuwa imekunjwa, imeegemea ukuta, ulimi wa chuma umechomoza na meno yake yote, mbao imeng'aa kwa kukaliwa miaka na miaka. Moyo ukanipiga paa. Kitako kile! Ile miguu inavyopishana! Silaha imekamilika, imekosa risasi tu.

Nikaiazima. Najua, kuazima bila kumwambia mwenyewe kuna jina lake, lakini nilipanga kuirudisha kabla ya nazi inayofuata.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakanipa kipande cha ekzosi kwa soda mbili. Nikakifunga kwa mpira wa tyubu. Ubavuni nikabandika rimoti ya televisheni isiyo na mfuniko, na juu nikazungusha ukanda wa taa za buluu, zile za kwenye bajaji, na betri yake. Nilitaka picha tu, nione mwanga unavyoteleza kwenye chuma na mkono unashika wapi. Ningeweza kuyafanya yote kwa Blender, programu ya kompyuta ya kuundia vitu vya 3D, nayo ni ya bure, ila nikiifungua Blender feni ya laptopu yangu inalia kama inadai talaka.

Siku tatu nikajifungia nayo, hedifoni masikioni. Kumbe nje vita imewaka. Mama mwenye nyumba alimtuma mwanawe kwa mjumbe aseme mbuzi imeibwa. Mtoto akafikisha alivyoelewa: mbuzi ameibwa. Mjumbe, mtu makini, akafungua daftari na kuuliza rangi. Mtoto akasema kahawia. Vijana wa ulinzi shirikishi wakapita mtaa mzima wakinusa masufuria ya watu, na muuza supu wa kona ile akahojiwa mpaka akafunga mapema. Hata mimi nilizisikia habari hizo nikienda chooni. Nikamsikitikia mwenye mbuzi.

Usiku wa tatu nikavaa koti la mvua jeusi na miwani ya kuchomelea, nikaweka simu dirishani ijipige picha yenyewe kila sekunde kumi. Goti chini, silaha begani. Hapo hapo yuniti za LUKU zikaisha. Nyumba nzima giza, isipokuwa mimi. Mimi nawaka buluu.

"Mama yangu! Kuna mtu na bunduki!" sauti ikapasuka uwani. Badala ya kuzima taa, nikageuka kumtazama anayepiga kelele. Bunduki nayo ikageuka pamoja na mimi.

Mlango wangu ulivyofunguka tuuache. Nilijikuta uwani, mikono juu, tochi za simu usoni, virungu kushoto na kulia, na mbele yangu mjumbe na daftari lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka chini hiyo bunduki."

"Mzee, hii si bunduki. Ni bunduki ya mwaka 2090."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo umeanza kujiandaa mapema."

Nikaeleza habari za gemu na mteja, na kila neno likazidi kunizamisha. "Analipwa... na watu wa nje... kubuni silaha," mjumbe akawa anaandika huku akitamka, nami naiona kesi inavyonenepa. Nikampa kijana mmoja simu yangu aione michoro. Akaikodolea macho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, anazo ishirini."

Hapo mama mwenye nyumba akapenya katikati ya watu. Akainama. Akanusa.

"Hii mbona inanukia nazi?"

Akavuta mpira mmoja, ekzosi ikaanguka kwa kishindo, watu wakaruka nyuma.

"Mbuzi yangu!"

"Mbuzi gani?" mjumbe akauliza.

"Si hii niliyoibiwa!"

Mjumbe akaitazama mbao, akarudi nyuma kurasa mbili kwenye daftari. "Ya kahawia," akasema kinyonge.

"Sasa na yule muuza supu?" mtu akauliza gizani. Hakuna aliyemjibu.

Hukumu ilitolewa pale pale: ninunue yuniti, nikune nazi nne mbele ya wapangaji wote, na kwa wiki nzima supu yangu ya asubuhi niinywe pale kona, kwa bei ya mwenyewe.

Kati ya picha za ile simu moja ilitoka vizuri, ile ninayogeuka, mdomo wazi. Nikachora kutokana nayo, nikatuma. Mteja akafurahi mno. Kitako safi, ekzosi safi, miguu hajawahi kuona kitu kama hicho. Ila aliomba jambo moja: yale meno ya mbele niyaondoe, hayaaminiki, hakuna mtu mwenye akili angeunda chombo cha namna hiyo.

Nikaenda kumtafsiria mama mwenye nyumba. Alikuwa ameikalia, anakuna. Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie aje na nazi yake."