Faini imefutwa, kodi bado ipo

Ni kweli, kama mwandishi wa makala moja kuhusu akiba ya uzeeni alivyosema, waathirika wa kimbunga Helene cha Septemba 2024 waliruhusiwa kutoa hadi dola 22,000 kwenye akiba ya uzeeni bila ile faini ya asilimia 10 ya kutoa kabla ya umri. Ila kaishia hapo, na hapo ndipo ndugu zetu wengi huku Marekani wanapoumia. Kodi ya mapato iko palepale! Unaweza kuigawanya kwa miaka 3, na ukirudisha hela ndani ya miaka hiyo 3 unaweza kudai kodi uliyolipa. Lakini hela ya kurudisha itatoka wapi, wakati ukuta bado una ukungu na magodoro yamerundikwa barabarani?

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ya mafuriko hukatwa peke yake, na kule milimani upande wa Asheville, Carolina Kaskazini, wengi hawakuwa nayo. Ndiyo maana watu walikimbilia 401(k), yaani akiba ya uzeeni ya kazini.

Dada mmoja wa kanisani kwetu, kazi yake kuhudumia wazee, alitaka kutoa zote 22,000 kwa mkupuo. Tuliketi naye na karatasi, tukapiga hesabu ya gari, friji na pango la nyumba. Haikufika hata nusu. Nawasihi, janga jingine likitokea, ombeni kwanza FEMA, shirika la serikali la maafa, msaada wao hautozwi kodi, halafu toeni kiasi cha kuziba pengo tu. Na muulizeni mwajiri mapema kama mpango wake wa akiba unaruhusu, maana sheria haimlazimishi, na muda wenyewe wa kutoa ni siku 180, ambao kwa Helene ulikwisha mwaka 2025.